Akina dada na kujihami: tusisubiri mkanda mweusi



Leo naomba tuongelee jambo ambalo huku kwetu Kihanga, Karagwe, ukilitaja watu wanacheka: mwanamke kujifunza kupigana. Ukisema karate tu, watu wanawaza Bruce Lee, halafu linakuja swali, "Sasa huyo nani atamuoa?" Haya, tucheke. Tukimaliza tumfikirie binti wa shule ya kata anayetoka nyumbani alfajiri, kapita katikati ya migomba peke yake. Au mama anayerudi kutoka gulioni giza limeshaingia, na njiani kuna kilabu cha rubisi.

Na siyo njiani tu. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ripoti ikatoka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 wa umri wa miaka 13 hadi 24 walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Yalitokea wapi? Nyumbani kwa mtu, njia ya shule, na shuleni kwenyewe. Karibu nusu yao hawakumwambia mtu yeyote. Kwa hiyo tukimfundisha binti kuogopa jitu la porini peke yake, tunamdanganya. Mara nyingi anayemdhuru ni mtu anayemfahamu kwa jina.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo. Karate, judo na taekwondo ni michezo yenye nidhamu yake. Inajenga mwili na moyo, lakini mkanda mweusi unachukua miaka, na dojo ziko mijini. Kujihami ni kitu kingine. Lengo lake siyo kumshinda mtu, ni kupata nafasi ya kuondoka mzima. Hilo linafundishika kwa saa chache, darasani au chini ya mti.

Ushahidi upo kwa jirani zetu Kenya. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, shirika la Ujamaa Africa kwa kushirikiana na No Means No Worldwide liliwafundisha wasichana wa sekondari kwa saa 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la Pediatrics. Mashambulizi ya kingono yalishuka kutoka karibu 18 kwa kila wasichana 100 kwa mwaka hadi 11. Kwa wale ambao hawakupata mafunzo hayo, hali ilibaki karibu vilevile. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema walitumia walichojifunza kuzuia shambulio ndani ya mwaka uliofuata. Na waliofanyiwa ukatili walianza kusema zaidi, badala ya kunyamaza.

Na siyo mabinti peke yao. Kule Korogocho mabibi, wengine wana zaidi ya miaka 70, wanakutana kujifunza kupiga ngumi na mateke. Walikuwa wanabakwa na vijana walioamini kwamba bibi kizee hana virusi vya UKIMWI. Bibi akiweza, wewe mwenye miaka 25 unashindwa nini?

Kinachofundishwa ni hiki, kwa ufupi:

1. Sauti. Kwanza unakataa waziwazi, unamtazama usoni, hucheki wala huombi radhi. "Acha! Ondoa mkono wako!" Wengi wanategemea aibu yako, ukipiga kelele umeshawaharibia.

2. Umbali. Usimruhusu akusogelee hadi ukutani. Jua mlango uko wapi.

3. Kujinasua. Akikushika mkono, vuta kuelekea upande wa kidole gumba chake. Hapo ndipo mshiko unapolegea.

4. Kupiga. Siyo kifuani, utajiumiza bure. Macho, pua, koo, goti, sehemu za siri. Tumia kiwiko, goti, au kitako cha kiganja.

5. Kukimbia. Ukishapata nafasi, usibaki kuhesabu pointi. Kimbilia kwenye watu.

"Sheria je?" Swali zuri. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea na kumtetea mwingine kwa nguvu inayostahili. Shambulio la nia ya kubaka limetajwa humo miongoni mwa hali ambazo haki hiyo ni pana zaidi. Ila akishakimbia, kumfuata na panga siyo kujihami tena.

Naomba nisisitize jambo moja. Aliyeshindwa kupigana hana kosa. Mwili kuganda kwa hofu ni kawaida, na mwenye hatia ni mbakaji, basi. Likishatokea, asioge, asifue nguo. Afike hospitali haraka, ndani ya saa 72, apate dawa za kuzuia VVU. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya msaada kwa mtoto ni 116, ni bure.

Maoni yangu: walimu wa michezo na walezi wa mabinti wafundishwe haya, halafu kila shule ya kata itenge vipindi sita vya saa mbili mbili. Ndizo zile saa 12. Haihitaji jengo wala mfadhili kutoka Ulaya. Na wavulana nao wakalishwe, wafundishwe maana ya "hapana" na kumtetea dada anayesumbuliwa, kama walivyofanyiwa wenzao Nairobi. Wazazi, tuache kuwaambia mabinti kwamba binti mwema hapazi sauti. Huo "wema" unawanufaisha wabaya.

Nawasilisha, wadau. Wa Kyerwa, Bukoba na kwingineko, kwenu mnafanyaje?