Meza ya Mahindi Meupe: Utangulizi wa Somo la Maonyesho ya Kilimo ya Wahaudenosaunee

Wengi wanaoingia katika somo hili huanzia mahali pasipo na faida kubwa, yaani kwenye hotuba. Maonyesho ya kilimo popote pale yana jukwaa na mgeni rasmi wake, na maneno ya jukwaani ndiyo yanayohifadhiwa na magazeti na ofisi za serikali. Karibu, msomaji, lakini nakuomba umpite mgeni rasmi kwa heshima zake zote, uingie bandani, uitafute meza yenye mahindi meupe yaliyosukwa. Hapo ndipo penye habari.

Meza ninayoisema iko Ohsweken, kijiji kikuu cha Six Nations of the Grand River, kusini mwa jimbo la Ontario nchini Kanada, karibu na mji wa Brantford. Chama cha kilimo cha jamii hiyo kilianza kuandaa maonyesho ya mavuno katika miaka ya 1860, na Septemba ndio msimu wake. Kuna mabembea, vyakula vya kukaanga, lakrosi, magari mabovu yanayogonganishwa huku watu wakishangilia, na mashindano ya ngoma ya moshi, ambayo miguu ya wachezaji huenda kasi hadi macho yashindwe kuifuata. Kwa mpita njia, ni maonyesho ya kijijini kama mengine yote ya Ontario.

Wenyewe ni Wahaudenosaunee, watu wa nyumba ndefu: shirikisho la Wamohawk, Waoneida, Waonondaga, Wacayuga, Waseneca, na Watuscarora waliojiunga mwanzoni mwa karne ya 18. Wafaransa waliwaita Wairoquois, na kwa kuwa katalogi za maktaba bado zimejaa jina hilo, mtafiti hana budi kulijua. Vita vya uhuru wa Marekani viliwatawanya. Mwaka 1784 Gavana Haldimand, kwa niaba ya Mfalme wa Uingereza, aliwapa waliopigana upande wake ardhi ya kando ya Grand River, takriban kilomita kumi kila upande wa mto, jumla yake ekari 950,000 hivi. Leo wamebakiwa na ekari kama 46,000. Shika tarakimu hizo mbili kichwani utakapokutana na ripoti ya karne ya 19 inayolalamika kwamba watu hawa hawana ari ya kulima.

Chama cha kilimo chenye maonyesho, waamuzi na zawadi ni desturi ya Kiingereza iliyosafiri na himaya. Msomaji wa Nakuru au Mombasa ameshakutana nayo: chama kinachoendesha maonyesho ya kilimo Kenya kilianzishwa mwaka 1901 na walowezi, kwa mfano huohuo. Kwa Wahaudenosaunee desturi hii ilikuja pamoja na somo. Serikali na wamisionari walitaka mwanamume aache kuwinda na ashike plau, na mwanamke aliyekuwa mwenye shamba atoke shambani aingie jikoni. Maonyesho yalikuwa mtihani wa somo hilo, na utepe wa mshindi ndio alama zake.

Tatizo ni kwamba wanafunzi hao walikuwa wakulima kwa karne nyingi kabla ya mwalimu kufika. Mwaka 1687 jeshi la Kifaransa chini ya Denonville lilivamia miji ya Waseneca, ukiwemo Ganondagan, na kazi yake kubwa ikawa kuteketeza mahindi yaliyokuwa ghalani na shambani. Mwaka 1779 George Washington alimtuma Jenerali John Sullivan afanye vivyo hivyo: vijiji kama 40 vikachomwa, na hesabu ya jeshi lenyewe ikataja busheli 160,000 za mahindi yaliyoharibiwa, kila busheli ikiwa na kama kilo 25 za punje. Shajara za askari zimejaa mshangao juu ya ukubwa wa mashamba na wingi wa miti ya matunda. Miongo michache baadaye wajukuu wa waliochomewa wakatumiwa maofisa wa kuwafundisha namna ya kupanda.

Aliyelipa suala hili uzito wa kisayansi ni Jane Mt. Pleasant, mtaalamu wa udongo na mazao wa Chuo Kikuu cha Cornell, mwenye asili ya Kituscarora. Katika makala yake ya mwaka 2011 alionyesha kwamba wakulima wa mahindi wa Kihaudenosaunee katika karne ya 17 na ya 18 walivuna nafaka mara tatu hadi tano zaidi kwa ekari kuliko wakulima wa ngano wa Ulaya. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na zao lenyewe, kwani mahindi huzaa kuliko ngano. Sehemu nyingine inatokana na udongo. Wanawake walipanda kwenye vilima vidogo vya udongo, mahindi yakisimama, maharage yakipanda juu yake, maboga yakifunika chini, na hawakulipindua shamba zima. Rutuba haikuchomwa na jua wala kuchukuliwa na maji. Plau waliyoletewa kama maendeleo ndiyo iliyokuwa ikimaliza ardhi ya jirani zao. Mimi naiona makala hiyo kuwa mlango wa somo zima, na msomaji asiye na muda aanze nayo.

Sasa turudi mezani. Mahindi meupe ya aina hii huwa na punje kubwa laini, kwa kawaida katika mistari minane. Hayapukuchuliwi yakivunwa. Maganda ya nje hufunuliwa na kurudishwa nyuma, machache yakabakizwa kwenye gunzi, kisha mahindi husukwa moja baada ya jingine kwa maganda hayohayo mpaka ipatikane misuko mirefu ya kuning'inizwa ikauke. Kazi hii ilikuwa na bado ni ya kundi, watu wakiketi pamoja na kupiga soga. Mwamuzi atakayesimama mbele ya msuko huo anatazama kama mahindi yanalingana, kama mistari imenyooka, kama punje zimejaa mpaka nchani. Hivyo ndivyo vigezo vya maonyesho. Lakini ndivyo pia vigezo vya mtu anayechagua mbegu, na mbegu hii imechaguliwa na mikono ya aina hiyo tangu kabla ya kuwepo chama chochote cha kilimo. Kwenye meza hii mtihani wa mwalimu na ujuzi wa mwanafunzi vimekutana, na ni vigumu kusema nani anamsahihisha nani.

Jirani na mahindi kuna mkate wake. Punje kavu huchemshwa na majivu ya kuni ngumu yaliyochekechwa, mpaka rangi yake igeuke kuwa njano na ganda lilegee. Kisha humiminwa katika kikapu maalumu chenye matundu, kikatumbukizwa majini na kuzungushwa hadi maganda yote yatoke na kuelea. Punje zilizosafishwa zikitwangwa kwenye kinu kwa mchi wenye vichwa viwili, unga huo huchanganywa na maharage mekundu, hukandwa kwa maji ya moto na kufinyangwa kuwa mkate wa duara, kisha mkate huo huchemshwa badala ya kuokwa. Ukielea, umeiva. Punje zilezile zikipikwa nzima na maharage na nyama ya nguruwe ya chumvi, ni supu ya mahindi, na mlaji wa makande akiionja hatajiona mgeni.

Majivu hayo yanastahili sura yao katika kitabu hiki. Yanafungua vitamini iliyofungika ndani ya punje, ambayo bila majivu au chokaa mwili hauipati vizuri. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya na Afrika, ujuzi huo haukuvuka nayo, na maskini walioyategemea peke yake, kwanza Ulaya na baadaye kusini mwa Marekani kwenyewe, wakaugua pelagra, maradhi ya kukosa vitamini hiyo, kwa maelfu. Magadi ambayo baadhi ya wapishi wetu huyatia katika makande huwekwa ili kulainisha. Hiyo ni habari nyingine, ingawa ningependa kuona mwanakemia akiifuatilia.

Msomaji atataka kujua kama Ohsweken ni mfano pekee. Sivyo. Upande wa Marekani kuna maonyesho ya jimbo la New York yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mjini Syracuse mwaka 1841, na tangu 1928 ndani ya viwanja vyake kuna kijiji cha wenyeji chenye jiko la supu ya mahindi, mafundi wa shanga na uwanja wa ngoma. Viwanja hivyo viko karibu na ziwa Onondaga, ambako kwa masimulizi ya Wahaudenosaunee ndiko Mleta Amani alikoyaunganisha mataifa matano ya mwanzo. Karne ya 20 viwanda vilimwaga zebaki katika ziwa hilo. Kuogelea kulipigwa marufuku mwaka 1940 na uvuvi mwaka 1970. Kwa hiyo wenyeji wanaalikwa kuonyesha utamaduni wao hatua chache kutoka kwenye maji matakatifu yaliyotiwa sumu. Sijui maonyesho mengine yenye kejeli nzito kama hiyo.

Tofauti ya sehemu hizo mbili ni mtazamaji. Syracuse anayekuja ni mgeni, na kinachowekwa mbele yake ni kile atakachokitambua haraka. Ohsweken mwamuzi anaweza kuwa jirani, na mshindani wako ni shangazi wa mume wako, anayejua vizuri kwamba boga lako lilipata msaada wa mbolea ya dukani. Kazi iliyopelekwa Ohsweken imeshonwa, imepikwa au imelimwa kwa macho ya watu wanaoijua. Ndiyo maana naiamini zaidi.

Yapo mambo matatu ya tahadhari. Kwanza, maonyesho si ibada. Sherehe ya mahindi mabichi na ile ya mavuno hufanyika katika nyumba ndefu, na mengi ya humo hayapigwi picha wala hayaandikwi. Baraza Kuu la Wahaudenosaunee limeshatamka pia kwamba barakoa za tiba zisiuzwe wala kuonyeshwa hadharani. Kitabu hiki hakina picha ya barakoa hizo hata moja. Pili, mwaka 1924 serikali ya Kanada iliweka baraza la kuchaguliwa mahali pa baraza la machifu wa kurithi, na yote mawili yapo mpaka leo, kwa hiyo ukisoma orodha ya wageni wa jukwaani uliza ni baraza lipi lililoalikwa. Tatu ni jambo dogo, lakini limewapoteza wengi wanaopanga picha za zamani: Kanada utepe wa mshindi wa kwanza kwa kawaida ni mwekundu, na Marekani ni wa buluu.

Kwa misingi ya somo, Arthur C. Parker, mwanaakiolojia wa ukoo wa Kiseneca, alichapisha mwaka 1910 kitabu cha matumizi ya mahindi, na F. W. Waugh akafuata mwaka 1916 na kitabu cha vyakula. Vyote viwili vina maelezo ya jikoni ambayo bado hayajapitwa. Havina maonyesho, kwa sababu waandishi wa kizazi kile walitafuta mambo ya kale, na meza yenye utepe ilionekana ya kisasa mno. Pengo hilo linazibwa polepole, na baadhi ya wanaoliziba si wasomi wa vyuoni: mradi wa mahindi meupe ulioasisiwa na mwanahistoria wa Kiseneca John Mohawk na mkewe Yvonne Dion-Buffalo leo unaendeshwa palepale Ganondagan, mahindi yakikobolewa na kuuzwa.

Kazi ambayo ningempa mwanafunzi wa kwanza kubisha hodi ni orodha za zawadi. Maonyesho yoyote huchapisha kijitabu cha madaraja ya mashindano na kiasi cha zawadi, na watu hukitupa msimu ukiisha. Vinavyopatikana vikipangwa mwaka kwa mwaka, vitaonyesha ni lini mahindi meupe yalipewa daraja lake, kama yaliwekwa upande wa nafaka za wanaume au upande wa kazi za wanawake, na zawadi yake ilikuwa ndogo kiasi gani kando ya ile ya ngano.