Injini ya Pikipiki Ndani ya Gari: Moshi Wake Una Sheria

Siku hizi pikipiki zimejaa vijijini. Kahawa inateremka kwa pikipiki, mgonjwa anawahishwa kwa pikipiki. Ikianguka ikapinda, mara nyingi injini inabaki nzima. Hapo fundi wa kijiji anapata wazo: tuchomelee vyuma, tuweke magurudumu manne, tufunge injini hiyo, tupate kigari cha kubebea kahawa.

Wazo ni zuri, wala hatulibezi. Lakini kuna jambo la moshi, nalo linaweza kumpotezea mkulima pesa ya msimu mzima.

Injini ya pikipiki imetengenezwa kubeba watu wawili. Tena nyingi zinapozwa na upepo tu. Tazama silinda: imezungukwa na vibati vyembamba vilivyopangwa. Pikipiki ikikimbia, upepo unapita hapo na kuondoa joto. Sasa wewe unaifungia ndani ya boksi la bati, unapakia magunia, unapanda mlima wa Umatengo kwa gia ya kwanza. Upepo utapita wapi? Injini inachemka. Ringi za pistoni zinalika, oili inapanda na kuungua pamoja na petroli. Moshi unakuwa wa bluu. Ni injini ile ile iliyokuwa safi jana! Waliotengeneza bajaji walilijua hilo, wakaweka feni ya kupuliza silinda.

Moshi mweusi ni habari nyingine. Huo unasema petroli ni nyingi na hewa ni kidogo. Na huku kwetu hewa yenyewe haiko sawa. Ziwa Nyasa liko kama meta 475 juu ya bahari. Milima ya Umatengo inafika karibu meta 2,000. Kila ukipanda meta 1,000, hewa inapungua kama sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa Mbamba Bay ikapandishwa Mbinga itatoa petroli kupita hewa iliyopo. Moshi mweusi, na petroli inaisha haraka. Ukirekebisha Mbinga kisha ukateremka ziwani, petroli inakuwa kidogo na injini inapata joto kali. Fundi asiyejua hili atalaumu injini bure.

Uko pia moshi usioonekana, na huo ndio mbaya kuliko yote. Unaitwa kaboni monoksidi. Hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, unakaa kwenye damu mahali pa hewa safi. Kichwa kinauma, unalegea, unasinzia, na unaweza kufa. Kigari chenye kibanda, na bomba la moshi likaishia chini ya kiti, ni hatari kwa watoto waliopanda humo.

Je, serikali inasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo cha moto kiandikishwe kabla ya kuingia barabarani. Kadi ya pikipiki ina namba ya injini na namba ya chesisi. Ukitoa injini ukaiweka kwenye vyuma vingine, kadi ile haisemi kweli tena. Trafiki akikusimamisha utajibu nini? Kuandikisha ni kazi ya Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Tena iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni zake za ubora wa hewa za mwaka 2007. Hizo zinaweka mipaka ya uchafu unaoingia hewani, wa magari ukiwamo. Msimamizi wake ni NEMC. Sheria inatazama chombo kilichoko barabarani. Haiulizi kama kimetoka kiwandani au nyuma ya nyumba yako.

Uingereza wako watu wengi wanaojitengenezea magari nyumbani, wengine kwa injini za pikipiki. Kule kila gari la namna hiyo linakaguliwa peke yake kabla ya kupewa namba, na kipimo cha moshi kinafuata umri wa injini. Injini ya kabla ya Agosti 1975 moshi wake unatazamwa kwa macho tu. Za baadaye zinapimwa kwa mashine. Asiye na karatasi ya kuonyesha umri wa injini yake anapata taabu.

Basi, kabla hujawasha mashine ya kuchomelea, tunza kadi ya pikipiki na hati ya mauziano. Nenda TRA na kwa trafiki uulize kwanza, maana kuuliza hakuna gharama kama kubomoa. Mwambie fundi aweke feni, na bomba la moshi lipite mpaka nyuma kabisa. Ukishaendesha, fungua plagi uitazame. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, injini inaungua kwa joto. Ikiwa ya kahawia, kabureta iko sawa kwa mahali hapo ulipo. Ukishuka ziwani, ifungue tena.