Mita 14 Kabla ya Breki

Mtoto akichomoka ghafla barabarani, dereva huhitaji kama sekunde moja kutambua kilichotokea na kukanyaga breki. Ndani ya sekunde hiyo, gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa limekwisha kusogea karibu mita 14, na mwendo wake haujapungua hata chembe. Gari lililokuwa kwenye kilomita 30, katika lami kavu, linakuwa limesimama kabisa baada ya mita 13 hivi. Pale ambapo la pili limetulia, la kwanza bado halijaanza kushika breki.

Kishindo nacho hakipandi sambamba na mshale wa spidi. Nishati mwendo hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 30 hadi 60, nishati inayomfikia mwendesha baiskeli huwa mara nne. Kofia ngumu husaidia mtu akianguka, lakini haiwezi kubeba hesabu ya namna hiyo. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka kikomo cha kilomita 30 kwa saa pale ambapo magari na watu wasio na kinga hupita pamoja. Pasipowezekana kupunguza mwendo, baiskeli ipewe njia yake.

Dar es Salaam ina ushahidi wake wa nyumbani. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend hukagua njia anayopita mtoto kutoka nyumbani hadi shuleni, kisha hujenga vitu vya gharama ndogo: matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni. Wakati mwingine lango la shule huhamishwa lisifunguke moja kwa moja kwenye barabara yenye magari mengi. Tathmini ilionyesha kuwa kiwango cha kujeruhiwa kilishuka kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ukashinda Tuzo ya WRI Ross ya miji. Ushindi huo haukutokana na mtambo wowote wa kisasa. Tuta la lami lilitosha kumlazimisha dereva kukanyaga breki mapema.

Kwa waendesha baiskeli mambo hayajanyooka hivyo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata pia njia za baiskeli pembezoni. Ni hatua kubwa, lakini bodaboda nao wameziona, wenye magari wamepata pa kuegesha, na wafanyabiashara wamepata pa kupanga bidhaa. Tena, anayekunja kuingia mitaani huiacha njia hiyo barabara kuu na kujichanganya na daladala na bajaji. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa jiji, umepaza sauti kuhusu njia salama kwa miaka mingi.

Waholanzi waliwahi kukwama hapohapo. Katika miaka ya 1970, baada ya wazazi kuandamana kupinga vifo vya watoto barabarani, serikali ilijaribu njia moja nzuri ya baiskeli huko Den Haag na nyingine Tilburg. Waliokuwa tayari wanaendesha walihamia kwenye njia hizo, lakini waendeshaji wapya hawakumiminika. Delft ikafanya tofauti katika miaka ya 1980: ikaunganisha vipande vya jiji zima kuwa mtandao, na safari za baiskeli zikaongezeka hata katika mji ambao watu wake walikuwa wameizoea tangu zamani.

Sevilla, Hispania, ililichukua somo hilo kwa pupa, na pupa hiyo iliisaidia. Kuanzia mwaka 2006 ilijenga kilomita 80 kwa mkupuo mmoja, zikiwa zimeinuliwa kutoka usawa wa magari na kutengwa kwa vizuizi. Maelfu ya nafasi za kuegesha magari zilifutwa. Baiskeli, ambayo ilikuwa chini ya asilimia moja ya safari, ikapanda hadi zaidi ya asilimia sita katika miaka michache, tena kwenye jiji ambalo joto lake hupita nyuzi 40 wakati wa kiangazi. Wanaosema Waafrika hawataendesha kwa sababu ya jua wana la kujibu hapo.

Mtandao lazima pia uelewe mwili wa mpandaji. Mtu wa kawaida anaweza kudumu akitoa wati 75 hivi. Baiskeli yenye gunia la mkaa kwenye keria, uzito wote ukiwa kilo 180, ikisimamishwa na kuanzishwa tena hadi kilomita 15 kwa saa, humgharimu kama sekunde 20 za nguvu hiyo, mbali na upepo na mchanga. Njia inayozunguka, au inayomshusha kila baada ya mita chache kwenye mtaro usio na mfuniko, ataikwepa arudi kwenye lami ya malori. Si ukaidi.

Makutano ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Lori linapokata kona kushoto, dereva wake huweza kutomwona kabisa aliye ubavuni. Waholanzi huweka kisiwa kidogo cha zege kwenye kona: gari hulazimika kukata kona kali kwa mwendo wa chini, na baiskeli husubiri mbele kidogo, mahali inapoonekana kupitia kioo cha mbele. Kazi hiyo inahitaji zege, rangi na mchoraji anayejua upana wa tairi za lori. Ikibaki nafasi pembeni, fundi baiskeli apewe kivuli, pampu na mahali pa kufungia minyororo, maana pancha haingoji mwisho wa njia.