Swali la Bunge lina msimu wake

Wahenga walinena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hii hunijia akilini kila ninapofuatilia habari za mawaziri wasiofika bungeni siku waliyopangiwa kujibu maswali. Mbunge husimama, swali lake hutajwa, kisha hutangazwa kwamba Waziri mhusika ameomba udhuru. Swali huahirishwa hadi juma lijalo. Juma lijalo nalo huja na udhuru wake. Wengi huliona jambo hili kuwa mzozo mdogo wa ratiba, kazi ya makarani na shajara zao. Kwa maoni yangu, mzozo huu ndio unaotuonyesha ni nani hasa anayemngojea mwenzake katika nchi hii.

Ili tuelewane, yafaa tukumbuke tulikotoka. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, mawaziri wa Kenya walikuwa wabunge. Waziri aliketi katika ukumbi uleule na aliyemwuliza, na asipokuwapo, aghalabu waziri msaidizi alisimama badala yake. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha mpango huo. Kifungu cha 152 kinasema kwamba Waziri hawi mbunge. Kifungu cha 153 nacho kinamtaka afike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapohitajika, na kujibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini ya dhamana yake. Kwa miaka kadhaa, basi, maswali yalipitia kwenye kamati, na wabunge wengi wakanung'unika kwamba majibu yalikuwa yakiwafikia yamepoa. Mwishoni mwa 2022 Rais William Ruto aliwaandikia maspika wa mabunge yote mawili akipendekeza mawaziri wafike ukumbini. Kanuni za Kudumu zikarekebishwa, na kuanzia 2023 mawaziri wakaanza kusimama tena mbele ya Bunge zima.

Hapo ndipo msuguano wa ratiba ulipozuka upya. Waziri ni mtu mmoja. Lakini Bunge la Taifa linamtaka, Seneti inamtaka, kamati za pande zote mbili zinamtaka, Baraza la Mawaziri linamtaka, na Rais anapofanya ziara mashambani humtaka pia. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mabunge mawili hayawezi kummiliki Waziri mmoja kwa saa ileile. Malalamiko ya maseneta kuhusu viti vitupu yamesikika mara nyingi, na hata Spika Amason Kingi amelazimika kuyatolea onyo.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, naomba msomaji aniruhusu niyachambue maneno yenyewe, maana mara nyingi lugha hufichua yale ambayo siasa huyafunika. Neno "swali" tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika mzizi wake huohuo limezaliwa neno "masuuli", yaani mwenye kuulizwa. Ndugu zetu wa Tanzania wana cheo cha "afisa masuuli", ambaye ni mtumishi anayebeba dhamana ya fedha za umma katika taasisi yake. Kwa asili ya neno hilo, mwenye dhamana ni yule anayeulizwa. Maana yake ni kwamba asiyeulizika hana dhamana. Ana cheo tu.

Sasa tazama maneno "jibu" na "wajibu". Wanafunzi wangu wengi hudhani kwamba haya ni ndugu wa tumbo moja, kwa jinsi yanavyofanana kwa sauti. La hasha. Mzizi wa jibu ni j-w-b, na wa wajibu ni w-j-b. Ni majirani tu, si jamaa. Nami hucheka kidogo ninapowaeleza jambo hili, kwa sababu hali ya Bunge letu inaonekana kulithibitisha: mtu anaweza kutangaza kwamba anatekeleza wajibu wake huku hana jibu.

Isitoshe, zichunguze nyudhuru zenyewe. Husemwa kwamba Waziri "amebanwa na shughuli", au kwamba "hakupatikana". Katika kauli ya kwanza, ambayo ni ya kutendwa, Waziri amegeuzwa kuwa mtendwa na shughuli zimekuwa mtenda. Katika ya pili, ambayo ni ya kutendeka, mtenda ametoweka kabisa: hakuna aliyetafuta, hakuna aliyekataa, mambo yamejitokea yenyewe. Sarufi ya sentensi hizi haina kasoro. Lakini nyuma yake kuna mtu aliyekaa na shajara akaamua lipi litangulie na lipi lingoje. Uamuzi huo una mwenyewe, na Bunge lina haki ya kumjua.

Baadhi ya watu husema kwamba jibu likichelewa si neno, mradi lifike. Mwalimu yeyote atakataa hoja hiyo. Tuseme mbunge anauliza mwezi wa Februari kwa nini pesa za kugharimia masomo hazijafika shuleni. Kiwango kilichowekwa mwaka 2018 ni Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Waziri anaahirisha mara tatu, halafu likizo ya Bunge inaingia, na jibu linatolewa Juni. Kufikia hapo muhula wa kwanza umekwisha, mwenye duka amekataa kuikopesha shule mahindi na maharagwe, na maabara yamekaa bila kemikali. Jibu la Juni linaweza kuwa la kweli kwa kila neno, na bado likawa halina faida kwa mtoto aliyekosa masomo Februari. Swali, kama mbegu, lina msimu wake.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Bunge la Uingereza, ambalo desturi zake nyingi tulizirithi, lilipambana nalo kwa muda mrefu. Mnamo 1881, maswali ya Waziri Mkuu William Gladstone yalisogezwa mwisho wa orodha ya siku ili mzee huyo, aliyekuwa amevuka miaka 70, asilazimike kufika mapema. Ilikuwa heshima kwa mtu mmoja, lakini iligeuka mazoea, na maswali yalipozidi kuwa mengi, saa ilikwisha mara kwa mara kabla ya zamu ya Waziri Mkuu kufika. Mwaka 1953, Winston Churchill naye akiwa mzee, ilikubaliwa kwamba ataulizwa Jumanne na Alhamisi pekee. Ni mwaka 1961 tu ambapo dakika 15 maalumu zilitengwa katika siku hizo mbili. Mwaka 1997 Tony Blair aliziunganisha zikawa dakika 30 kila Jumatano. Jumla ya dakika haikupungua, lakini safari za Waziri Mkuu kusimama mbele ya Bunge zilipungua kutoka mbili hadi moja kwa juma. Kumbe ratiba nayo ni siasa!

Hata sisi tunalijua hilo. Mwezi Aprili 2009, wakati wa serikali ya muungano, Rais Mwai Kibaki alimpendekeza Kalonzo Musyoka kuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, huku Waziri Mkuu Raila Odinga akijipendekeza mwenyewe. Aliyeshika wadhifa huo ndiye aliyetarajiwa kuongoza Kamati ya Shughuli za Bunge, ambayo hupanga kitakachojadiliwa na lini. Spika Kenneth Marende ilimbidi aamue kwamba yeye mwenyewe angeongoza kamati hiyo kwa muda. Wakubwa hao hawakuvutana bure. Walifahamu kwamba anayeishika ratiba ameshika usukani.

Haki yataka tuseme pia upande wa mawaziri. Yako maswali yanayotumwa kwa Waziri kwa kuchelewa, ilhali yanahitaji takwimu kutoka kaunti zote 47. Yako mengine yaliyokwisha kujibiwa mbele ya kamati, yakarudishwa ukumbini ili mbunge aonekane kwenye televisheni. Wako pia wabunge ambao swali lao huitwa, Waziri yupo, na wenyewe hawapo. Na kuna nyakati ambapo hakuna wa kulaumiwa ofisini: tarehe 11 Julai 2024, kufuatia maandamano ya vijana, Rais aliwafuta kazi mawaziri wote isipokuwa Mkuu wa Mawaziri, na warithi wao waliapishwa Agosti. Katika kipindi hicho maswali mengi hayakuwa na mwenyewe wa kuyajibu.

Lakini udhuru wa siku moja haufanani na mazoea. Kifungu cha 125 cha Katiba kinalipa Bunge na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote, wenye nguvu kama za Mahakama Kuu katika kuwashurutisha mashahidi kufika. Kifungu cha 152 kinamruhusu mbunge, akiungwa mkono na angalau robo ya wabunge wote, kuleta hoja ya kumtaka Rais amfute Waziri. Silaha hizi ni nzito mno kwa kosa la kukosa kikao kimoja, na ndiyo sababu hubaki ukutani zikipata kutu. Tunachohitaji ni kitu chepesi kinachotumika kila juma.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mabunge yote mawili yakae pamoja mwanzoni mwa kila kipindi, yatengeneze ratiba moja ya mawaziri, na kuichapisha hadharani. Kila mwananchi ajue Waziri wa Elimu atafika wapi na tarehe gani, kama vile Watanzania wanavyojua kwamba Bunge la Dodoma likiwa kikaoni, Alhamisi ni siku ya maswali kwa Waziri Mkuu. Pili, Waziri asiyeweza kufika alete jibu la maandishi siku ileile, lichapishwe kwa Kiswahili na Kiingereza, maana Kifungu cha 120 kimezitaja zote mbili miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Udhuru uahirishe maswali ya nyongeza, usiahirishe jibu. Tatu, kila swali liandikwe kwenye orodha pamoja na tarehe lilipoulizwa mara ya kwanza na idadi ya mara lilizoahirishwa. Halitamgharimu mtu senti, na aibu ni mwalimu mzuri.

Enyi walimu, orodha ya namna hiyo ingekuwa kitabu cha ziada kisicho na bei. Mwanafunzi wa kidato cha tatu angeweza kuifungua, akahesabu siku tangu swali la shule yake lilipoulizwa, akaandika insha ya hoja yenye ushahidi. Huwa tunawafundisha watoto wetu kwamba kuuliza si ujinga. Wakikua wakaona kwamba anayeuliza kwa niaba yao huambiwa arudi juma lijalo, na juma lijalo, watajifunza somo jingine kabisa, ambalo halimo katika mtalaa wowote, na itakuwa vigumu mno kulifuta ubaoni.