Pesa ya Kuipamba Pikipiki: Ipi Inarudi, Ipi Inapotea?

(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi pikipiki za cc 100 hadi 150 zilivyoenea nchini, hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuzitambua rasmi pikipiki na bajaji kuwa vyombo vya kubeba abiria kwa nauli. Leo tusogee kijiweni. Ni nadra kuikuta bodaboda iliyobaki kama ilivyotoka dukani: hii imefungwa ngao ya chuma, ile imeshonewa kiti cha rangi mbili, nyingine ina taa za LED chini ya injini, spika mbili, na ekzosi iliyotobolewa ili ingurume. Vijana wa kijiwe cha jirani yangu wameniuliza kama hela hiyo inarudi. Swali lao nalichukulia kwa uzito, maana hela hiyo huipata kwa jasho, juani na mvuani.

Tuanze na hesabu. Tuseme dereva, akishatoa mafuta, chakula na hesabu ya tajiri, anabakiwa na Sh5,000 kwa siku. Akitumia Sh300,000 kuipamba pikipiki, ameondoa akiba ya siku 60. Akitaka hela hiyo irudi ndani ya miezi sita, kwa siku 25 za kazi kila mwezi, pambo hilo lazima limwongezee Sh2,000 kila siku anayotoka. Ni pambo gani linaloleta Sh2,000 kila siku? Kiti laini na chombo kisafi vinaweza kusaidia, kwa sababu abiria huchagua kwa macho. Spika sijaona zikiongeza nauli.

Hela inayoniuma zaidi ni ile ya kutoboa ekzosi. Injini za cc 150 tunazozitumia hutoa nguvu ya farasi kama 12 hivi, na kiwandani kabureta hupimwa pamoja na ekzosi yake. Ukiitoboa, moshi unatoka bila kizuizi, hewa inayoingia inazidi kipimo cha mafuta, na injini inachemka kupita kawaida. Mara nyingi nguvu ya kuondokea, ile unayoihitaji ukiwa na abiria pale taa zinaporuhusu, hupungua. Dereva anasikia mngurumo, anadhani kasi imeongezeka. Kilichoongezeka ni kelele, na mgonjwa aliyelala jirani na barabara ndiye anayeilipia.

Spoketi ni jambo jingine kabisa. Chukua mfano wa spoketi ya mbele yenye meno 14 na ya nyuma yenye 42: ya mbele huzunguka mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukifunga ya nyuma yenye meno 45, nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa takriban asilimia 7, na mwendo kwa mzunguko uleule wa injini unapungua karibu kiasi hichohicho. Kwa anayepandisha mikungu ya ndizi milima ya Uluguru au Usambara, hayo ni mabadiliko yenye faida. Kwa anayekimbia Mbagala hadi Posta kwenye lami tambarare ni hasara tupu, kwani injini italia muda wote na kunywa mafuta bure. Uzuri ni kwamba cheni na spoketi huchakaa zenyewe. Subiri seti iishe, kisha ununue yenye meno unayoyataka. Gharama ya ziada itakuwa ndogo sana.

Umeme wa pikipiki ni haba. Taa yake kubwa mara nyingi ni ya wati 35, na mfumo wa kuchaji umepimwa kwa taa hiyo, honi, indiketa na vitu vichache vingine. Ukiongeza spika na taa za mapambo, betri inakufa mapema. Ukiunga nyaya kwa kuzisokota na kuzifunga selotepu bila fyuzi, unakaribisha moto chini ya tangi la petroli.

Ngao naiunga mkono, mradi ifungwe kwa bolti na isichomoze kupita usukani. Kuichomelea kwenye fremu hudhoofisha chuma mahali penyewe panapobeba uzito wote. Kiti kirefu nakikataa, maana kazi yake ni mshikaki. Abiria wa tatu hukaa nyuma ya tairi la nyuma, tairi la mbele linakuwa jepesi, na usukani hautii tena.

Breki hazimvutii mtu kijiweni, nazo ndizo zinazostahili hela ya kwanza. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, nguvu ambayo breki lazima ziimeze huongezeka mara mbili na robo. Na kofia ngumu: tafiti zilipojumlishwa zilionyesha kuwa inapunguza hatari ya mwendeshaji kufa kwenye ajali kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia ya pili, nzima na safi, kwa ajili ya abiria, ni pambo linaloonekana kutoka mbali.

Simzuii kijana kuandika jina la mama yake kwenye madigadi. Anashinda juu ya chombo kile kutwa nzima, ndiyo ofisi yake, na rangi hiyo ni ya bei ndogo. Ila ajue kuwa siku ya kuuza mnunuzi huuliza kama injini imefunguliwa na kama nyaya zimeguswa. Stika haziongezi bei.

Kwa hiyo mwenye Sh300,000 mkononi leo na aanze na matairi, brekshuu na kofia mbili, kisha kiti, kisha ngao. Na kama pikipiki bado ni ya mkataba, asifunge chochote kisichofunguka kwa spana. Tajiri akiichukua, kilichochomelewa kinaondoka nayo.