Utapiamlo hata jiko likiwaka

WAZAZI wengi mijini wakisikia utapiamlo hufikiria ukame. Lakini mtoto anaweza kudhoofika katika nyumba inayopika kila siku.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Kenya walikuwa wamedumaa. Kilifi walikuwa 37.

Umaskini una sehemu yake. Hata hivyo, mipango ya familia pia huchangia.

Kwanza ni uzazi wa karibu karibu. Jina la kwashakoo latoka kwa Waga wa Ghana, na daktari Cicely Williams alilitangaza ulimwenguni katika miaka ya 1930. Ni ugonjwa wa mtoto aliyempisha mdogo wake. Huachishwa ziwa ghafla, akabaki na uji mtupu.

Pili ni kazi ya mama. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu, ilhali mtoto ahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Mama wa kibarua hurudi kazini mapema zaidi, na mtoto huachiwa yaya au dada yake, akashinda kwa chai na mkate.

Tatu ni sahani. Mdogo akila pamoja na wakubwa, wao humaliza kabla hajameza tonge la tatu. Mpakulie chake, na kipande cha nyama au samaki kisiwe cha baba pekee.

Baba naye asikae kando. Mama akishauriwa kliniki anunue mayai, omena au maharagwe, na pesa ziko mfukoni mwa mume, ushauri huo utaishia njiani.

Jambo la nne ni aibu. Miongoni mwa Wamijikenda, wapo wanaoamini kwamba mtoto hukondeana kwa chirwa, yaani wazazi wametoka nje ya ndoa. Wazazi wakiogopa kunyoshewa kidole, humficha mtoto ndani, na siku zikipita maisha yake huwa hatarini.

Mtoto akivimba miguu, akikonda au nywele zikigeuka rangi na kunyonyoka, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Majirani, msiulize nani alikosa. Msindikizeni mama.