Basi la Masasi kwenye barabara za Indonesia

Kijana wa Lulindi mwenye simu ya kawaida anaweza kuendesha basi la Masasi–Dar bila kunyanyuka barazani. Gemu ni Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo. Barabara ni za Indonesia na honi ni za huko, ila nao wanaendesha kushoto kama sisi, hivyo usukani uko upande tuliouzoea. Basi lenyewe ni modi: faili la umbo na rangi lililotengenezwa na shabiki. Unalipakua, unaliweka kwenye folda, gemu inalisoma.

Hapo kwenye kulisoma ndipo ugomvi unapoanzia. Modi haina injini yake. Mwenye gemu akibadilisha namna programu inavyosoma mafaili, apdeti moja inatosha kulifanya basi la jana ligome leo. Fundi aliyekesha akichora taa na siti hana pa kudai, maana hakuna mkataba uliovunjwa.

Maleo angalau waliufungulia mlango wa modi wenyewe. Rockstar, wenye GTA, walichelewa. Mwaka 2015 walifungia akaunti za watengenezaji wa FiveM, programu ya kuchezea GTA V kwenye seva binafsi. Juni 2017 kampuni mama, Take-Two, ikataka OpenIV, chombo cha kufungulia mafaili ya GTA, kisitishwe. Wachezaji wakaishushia gemu maoni mabaya kwenye Steam mpaka kampuni ikalegeza. Kisha Agosti 2023 Rockstar wakainunua timu ya FiveM, ile ile waliyoifungia. Sioni huruma hapo. Waliona wateja wamehamia kwa mafundi wa nje, wakawafuata.

Kisheria, fundi amesimama kwenye ardhi ya watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua kazi iliyotokana na kazi nyingine, lakini haki hiyo haifuti ya mwenye kazi ya kwanza. Na mwenye kazi si Maleo peke yake. Nembo iliyopakwa ubavuni ni ya kampuni ya mabasi, ambayo mara nyingi haikuulizwa. Fundi huyo huyo hufunga faili lake kwa nywila, na mwenzake akilifungua na kulisambaza kwa jina jingine, anapiga kelele za wizi. Ana haki ya kulalamika, lakini kampuni ya basi nayo ikimgeukia atajibu nini?

Anayetaka kuendelea na kazi hii asitunze faili la mwisho tu. Atunze michoro yake ya awali, iwe ya Blender au programu nyingine, na umbo alichore mwenyewe badala ya kulikwangua kutoka gemu nyingine. Faili la gemu hufa na apdeti. Mchoro wa awali unaweza kuupeleka kwenye gemu nyingine, au kumwonyesha mteja anayetaka picha za matangazo.